Mkubwa ni Jalala: Kijana Thornton na Meli ya Daktari

Methali ya "mkubwa ni jalala" husemwa aghalabu kwa kumpoza mkubwa aliyeudhiwa. Watoto wamekosa, wajukuu wamepayuka, waliotumwa wameharibu. Taka zote zaja kumwagwa miguuni pake, naye hana budi kuzipokea, kwani ukubwa ndio huo. Lakini methali haikusema yanakuwaje mambo pale jalala linapogeuzwa, taka za mkubwa zikamwagwa juu ya kichwa cha mdogo. Hilo inabidi kuiuliza historia, nayo ina jibu lake.

Narung'ombe, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea, ni mahali pafaapo kuanzia, ingawa kisa chenyewe ni cha mtoni na Narung'ombe haina mto wa kubeba meli. Mbwemkuru unapita kaskazini yake na Lukuledi kusini, na yote miwili haipitishi chombo cha moshi. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikutana hapo, na kilichogombewa kilikuwa visima: mashimo ya maji katika nchi kavu, ambayo jeshi likiyakosa haliwezi kusonga mbele. Walipigana hapo askari wa KAR, wa Gold Coast, wa Afrika Kusini na wa Punjab, dhidi ya askari weusi na maofisa weupe wa Kapteni von Liebermann. Nyuma ya hao wote walikuwapo watu wasioshika bunduki: wapagazi, waliobeba vichwani risasi na unga, na waliorudi nyuma wamewabeba majeruhi.

Lakini miaka 59 kabla ya siku hiyo, dunia ilikuwa imeahidiwa kwamba mizigo ya Afrika itashuka vichwani mwa watu na kupakiwa melini. Mwenye ahadi hiyo alikuwa Daktari David Livingstone. Ahadi ilikuwa nzuri, tena yenye huruma. Mito, alisema, ndiyo njia kuu ya Mungu katika bara hili. Meli ya moshi ikipanda mto, biashara ya halali itapanda nayo, pamba na sukari vitashuka, na mfanyabiashara ya utumwa atakosa soko. Serikali ya Uingereza ilimwamini, ikatoa pauni 5,000 na ikampa cheo cha konseli. Tarehe 10 Machi 1858 msafara wake uliondoka Liverpool kwenda Zambezi.

Ahadi hiyo ilikuwa na tundu. Mwaka 1856, alipokuwa akishuka kutoka bara kuelekea pwani kwa miguu, Livingstone alikata njia mahali fulani juu ya Tete, akaacha kuufuata mto kwa masafa marefu. Sehemu hiyo asiyoiona ndiyo iliyokuwa na maporomoko ya Kebrabasa, ambayo leo huitwa Cahora Bassa, mahali pa boma kubwa la umeme la Msumbiji. Njia kuu ya Mungu ilikuwa imezibwa kwa majabali, naye aliyeitangaza hakuwa na habari. Mzigo wa kosa hilo ulikuwa ukingojea mtu wa kuubeba.

Katika msafara walikuwamo Wazungu sita chini ya Livingstone. Norman Bedingfeld, ofisa wa manowari, alikuwa naibu na msimamizi wa safari ya majini. John Kirk alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea. Charles Livingstone, ndugu mdogo wa mkuu, alikuja kusimamia maadili. Thomas Baines alikuwa mchoraji na mtunza ghala, na George Rae fundi mitambo. Wa sita alikuwa Richard Thornton, aliyezaliwa Yorkshire tarehe 5 Aprili 1838. Siku meli ilipong'oa nanga hakuwa hata ametimiza miaka 20. Alikuwa ndiyo kwanza atoke katika Chuo cha Madini cha London, na aliyemsifia kazi hiyo alikuwa Sir Roderick Murchison, bingwa wa elimu ya miamba katika Uingereza ya wakati huo. Thornton, basi, alikuwa mwanagenzi: fundi aliyemaliza kusoma lakini hajakomaa, aliyetumwa mbali na mwalimu wake akawekwa chini ya bwana asiyemjua.

Na chombo chenyewe? Kiliitwa *Ma Robert*, kwa jina walilompa Waafrika wa kusini Mary, mkewe Livingstone, yaani mama yake Robert. Kilikuwa mashua ndefu ya moshi, iliyotengenezwa kwa mabamba membamba ya chuma cha aina mpya, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa mlangoni mwa mto. Haukupita muda mrefu mabamba yakaanza kula kutu na kutoboka. Mtambo wake ulikuwa na nguvu ndogo na njaa kubwa: ili mashua itembee siku moja, mabaharia walipaswa kukata kuni siku moja na nusu. Na kuni walizozikata zilikuwa za mpingo na miti mingine migumu, mti ule ule ambao wachongaji wa Kusini huuheshimu na kuuhesabia kila kipande. Mitumbwi iliyosheheni mizigo iliipita *Ma Robert* ikipiga makasia. Kwa kuhema kwake, wenyewe waliokuwamo waliibandika jina la mwenye pumu.

Ugomvi ulianzia juu, si kwa mdogo. Kabla miezi mitatu haijatimia tangu kufika, Bedingfeld alikwisha kukosana na Livingstone juu ya nani mwenye amri chomboni, akajiuzulu. Livingstone akashika usukani mwenyewe, akawa daktari, konseli, mkuu wa msafara na nahodha. Alijivunia hilo. Lakini mtu aliyekuwa hodari wa kutembea na Waafrika wachache porini, akijua kusubiri na kunyamaza, hakuwa hodari wa kukaa na wenziwe katika mashua nyembamba yenye joto. Kwa kutwa nzima aliweza asizungumze. Homa iliyowalaza wengine aliiona kama udhaifu wa nia, kwa kuwa yeye alikuwa amezoea kutembea nayo. Mtu wa namna hiyo si mwovu. Ni mtu anayewapima wengine wote kwa pishi yake mwenyewe, na pishi yake ni kubwa mno.

Novemba 1858 waliyaona maporomoko ya Kebrabasa kwa macho yao. Kwa aliyetaka kuona, safari ya Zambezi ilikuwa imekwisha siku hiyo. Livingstone hakutaka. Aliandika Uingereza kwamba meli yenye nguvu zaidi, maji yakijaa, huenda ikapita. Akaomba meli nyingine, akageukia mto Shire. Huko nako, Januari 1859, maporomoko mengine yaliwazuia, naye akayapa jina la Murchison.

Katika miezi hiyo ya kushindwa ndipo Thornton alipopata msukosuko. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunguza makaa ya mawe karibu na Tete. Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana, kwani *Ma Robert* ilikuwa ikifa kwa njaa ya kuni, na makaa yangeweza kumwokoa daktari na ahadi yake. Kijana aliachwa Tete, mji wa Wareno, wakati wakubwa wakipanda na kushuka Shire. Alipima tabaka za makaa, akachimba na wafanyakazi wachache, akaandika. Lakini homa ilimpata, mwili ukamtoka vipele na majipu, na kwa siku nyingi hakuweza kutoka juani. Hakuwa na mtu wa kumfundisha jinsi ya kuwaongoza vibarua wa nchi ngeni, wala lugha ya kuzungumza nao. Kazi ilizorota.

Habari zilizomfikia Livingstone zilikuwa za neno moja: mvivu. Sehemu kubwa ya habari hizo ilipitia kwa Charles, ndugu mtu, ambaye alikuwa na masikio ya mkuu kuliko mtu yeyote. Katikati ya mwaka 1859 Livingstone alimwachisha Thornton kazi na kuukata mshahara wake. Hapakuwa na baraza wala shahidi. Mshitaki, hakimu na mtekelezaji walikuwa wa nyumba moja. Mwaka huo huo ikamfika Baines zamu yake. Huyo alishitakiwa kuwa ametapanya mali ya ghala, sukari ikiwa miongoni mwake. Naye alikuwa akiugua homa kali katika siku hizo. Baines alikana, akadai uchunguzi, na akaendelea kudai hadi alipofariki Durban mwaka 1875. Uchunguzi huo hakuupata.

Ni haki kuusikiliza na upande wa mkuu. Livingstone alikuwa na serikali inayongoja taarifa za ushindi, mashua inayovuja, ndugu mwenye fitina na maradhi yake mwenyewe. Thornton naye hakuwa malaika. Alikuwa kijana, na ujana una uzito wake asubuhi. Kirk, aliyekuwa mtulivu kuliko wote, aliona kasoro za kila upande. Lakini hesabu ya mwisho haifichiki. Bedingfeld alikwenda zake, Thornton akafukuzwa, Baines akafukuzwa; na Kebrabasa ilibaki pale pale. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeweka majabali mtoni. Jalala lilikuwa limegeuzwa.

Kipimo cha mtu aliyeitwa mvivu ni kutazama alifanya nini alipokuwa hana wa kumwamrisha. Thornton hakurudi kwao kulia. Akisaidiwa na Wareno wa Tete, alisafiri kuupanda Zambezi kuelekea Zumbo, akipima na kuchora ramani njia nzima. Kisha akashuka pwani, na mwaka 1861 akawa yuko Unguja. Hapo alikutana na mtu mwingine mwenye kiu ya safari, Baroni Carl Claus von der Decken wa Ujerumani, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu kutoka Kilwa kwenda ziwa la Nyasa na kurudi bila kufika. Decken sasa aliutaka Mlima Kilimanjaro, na alihitaji mtu wa kupima.

Palikuwapo ubishi mkubwa juu ya mlima huo. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliuona mwaka 1848 akaandika kwamba kilele chake kina theluji. Huko London bwana mmoja aitwaye Cooley, aliyeandika mengi juu ya Afrika bila kutia mguu humu, alimcheka: theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mchungaji. Kati ya Juni na Agosti 1861 Decken na Thornton, pamoja na wapagazi waliotoka pwani, walipita Taveta na ziwa Jipe hadi nchi ya Wachaga. Walipanda mlima kufikia kiasi cha meta 2,500, kabla ya mvua na kutokubali kwa wapagazi kuwarudisha. Hawakufika kileleni, lakini Thornton aliuzunguka mlima kwa vipimo, akapiga pembe kutoka vituo vingi, akakisia kimo chake, akasema kwa ulimi wa mwanachuo wa miamba mambo mawili: kwamba mlima ule ulitokana na moto wa ardhini, na kwamba kilichong'aa juu yake kilikuwa theluji kweli. Cooley hakukubali, lakini baada ya hapo alibaki karibu peke yake.

Basi kijana aliyekatwa mshahara kwa uvivu akiwa na miaka 21 alikuwa, kwa umri wa miaka 23, mmoja wa watu wawili wa kwanza kuupima Kilimanjaro kwa vyombo vya elimu. Hapo hadithi nyingine ingekoma, na msomaji angeridhika. Lakini wa pwani hujua kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwaka 1862 Thornton alirudi Zambezi. Livingstone alimpokea tena. Naye akakubali kufanya kazi, kwa sharti la kubaki huru katika uchunguzi wake. Jinsi watu hao wawili walivyotazamana siku hiyo, shajara hazikutuhifadhia. Ila msafara ulikuwa umebadilika. *Ma Robert* ilikuwa imezama kwenye fungu la mchanga Desemba 1860. Meli mpya, *Pioneer*, ilikuwa na nguvu lakini ilizama mno majini kwa kina cha Shire, ikawa inapwelewa na kuvutwa kwa kamba siku baada ya siku. Askofu Mackenzie wa UMCA, aliyekuja kwa kuamini ahadi ya mto, alikuwa amekufa kwa homa Januari 1862. Mary Livingstone, Ma Robert mwenyewe, alifariki Shupanga tarehe 27 Aprili mwaka ule ule.

Wamisionari waliobaki karibu na Shire walikuwa na njaa, kwani nchi ilikuwa imekumbwa na ukame na uvamizi wa watumwa. Mapema mwaka 1863 Thornton alijitolea kwenda Tete kwa miguu kuwatafutia mbuzi na kondoo. Haikuwa kazi yake. Makaa na miamba ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Alikwenda, akarudi na wanyama, akarudi pia amechoka kuliko alivyoweza kupona. Homa na tumbo la kuhara vilimwangusha. Alifariki tarehe 21 Aprili 1863, umri wake miaka 25 na siku chache. Walimzika karibu na mti mkubwa, ukingo wa kulia wa Shire, hatua chache chini ya maporomoko yenye jina la mwalimu wake Murchison. Katika kitabu cha safari hiyo kilichotoka 1865 kwa majina ya ndugu wawili, David na Charles, kifo cha kijana huyo kimetajwa kwa maneno mema. Ugomvi wa mwaka 1859 haukupewa nafasi.

Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo wapenzi wa maandishi hawana budi kulitafakari. Kwa karibu miaka mia, neno la mkuu lilisimama peke yake. Kirk alikuwa na shajara. Mwezi wa Septemba 1862, walipokuwa wakiupanda Ruvuma kwa mashua ndogo, maji yakipungua na miamba ikizidi, aliandika kwamba haoni hitimisho jingine ila kwamba daktari amerukwa na akili. Lakini Kirk aliifunga shajara yake. Alikuja Unguja mwaka 1866, akapanda hadi kuwa konseli, akamkabili Sayyid Barghash katika mkataba wa 1873 uliolifunga soko la watumwa. Na katika miaka yote hiyo hakusimama hadharani kumsemea Thornton wala Baines. Shajara za Livingstone za Zambezi zilichapishwa 1956, za Thornton 1963, na za Kirk 1965. Thornton alipata kusikika mwaka wa mia tangu alipokufa. Kalamu yake ndiyo iliyomwokoa: alikuwa ameandika kila siku, hata akiwa mgonjwa.

Swali linalofuata ni la wale wasiokuwa na kalamu. Katika *Ma Robert* na *Pioneer* walikuwamo watu wengi kuliko Wazungu: Wakru kutoka Sierra Leone, kisha Wamakololo, kisha vijana wa Zambezi waliokata kuni, kutoa maji ngamani na kusukuma upondo. Hao hawakupata barua za kuachishwa kazi, kwa kuwa hawakuwa na barua za kuajiriwa. Mmoja wao alikuwa Susi, kijana wa Shupanga, aliyeajiriwa mwaka 1863 wakati *Pioneer* ilipokuwa hapo. Mwaka uliofuata, msafara ulipokwisha kuitwa nyumbani na serikali yake, Livingstone alichukua meli yake ndogo ya *Lady Nyassa*, akaondoka nayo Unguja tarehe 30 Aprili 1864, akaikata bahari ya Hindi hadi Bombay. Mabaharia wake walikuwa Wazungu watatu, vijana saba wa Zambezi ambao bahari hawakuwa wameizoea, na watoto wawili, Chuma na Wikatani, waliokombolewa utumwani. Walifika tarehe 13 Juni, mvua za masika ya India zikiwa zimekaribia. Wanagenzi wa mtoni walikuwa wamegeuka mabaharia wa bahari kuu kwa siku 45.

Susi na Chuma walikuwamo tena aliposhuka Mikindani tarehe 24 Machi 1866 na kuifuata njia ya Ruvuma kwenda bara. Safari hii hapakuwa na meli. Mizigo ilikuwa imerudi vichwani. Mwaka 1868, karibu na nchi ya Kazembe, Livingstone alipoamua kwenda ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa, Susi na Chuma wakiwa miongoni mwao. Walichoka. Kukataa huko kulikuwa kukubwa kuliko kosa lolote alilosingiziwa Thornton. Mtumishi alimwambia bwana "siendi" mbele ya watu. Livingstone alikwenda na wachache. Aliporudi aliwapokea waliokataa, na katika shajara yake aliwatafutia udhuru: wamechoka kutembea, naye pia amechoka.

Huyo ni mtu yule yule wa 1859. Wengine watasema upweke ulimlainisha, wengine kwamba hakuwa na wengine wa kuwachukua mahali pao. Huenda yote mawili ni kweli. Ila laiti neno lile la "naye pia amechoka" lingeandikwa Tete, miaka tisa kabla yake, Thornton angebaki kazini. Mkuu alijifunza kuwa jalala pale alipokuwa hana tena meli ya kuitetea. Na malipo yake yanajulikana: Mei 1873 alipokufa kwa Chitambo, wale wale waliomkataa 1868 waliukausha mwili wake, wakaubeba zaidi ya miezi minane, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874.

Kisa kina mkia wake, nao unaingia moja kwa moja katika nchi ya Kusini. Livingstone alikuwa amedokeza kwamba bonde la Ruvuma lina dalili za makaa ya mawe. Sayyid Barghash, aliyekuwa na meli zake za moshi na alinunua makaa kutoka mbali, aliyataka makaa hayo. Mwaka 1881 alimwajiri Joseph Thomson, Mskoti mwanachuo wa miamba, mwenye miaka 23. Alizaliwa mwaka ule ule *Ma Robert* ilipoingia Zambezi. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Chuma. Walishuka Mikindani, wakaupanda Ruvuma, wakafika mahali penyewe. Thomson alipima, akaona ni mawe meusi yenye mafuta kidogo, yasiyofaa kuendesha meli. Alirudi Unguja akasema hivyo. Sultani hakufurahi, na kazi ya Thomson kwake ikaishia hapo.

Mikasa miwili, basi, imefanana kama mapacha: kijana wa miamba, bwana mwenye haja ya makaa, na mto usiokubali. Tofauti ni moja. Thomson alikuwa na Chuma ubavuni, mtu aliyekwisha kuona mabwana wa kila namna, aliyejua vibarua wasemezweje, wapumzishwe lini na walipwe lini. Thornton pale Tete hakuwa na Chuma. Mwanagenzi anahitaji mwalimu. Na mwalimu aliyekuwapo kwa Thomson hakuwa Mzungu wala hakusoma London. Chuma alifariki Unguja mwaka uliofuata, 1882. Susi, baada ya kumtumikia Stanley kwenye mto Kongo, ambako nako meli zilivunjwa vipande zikabebwa na watu kuvuka maporomoko, alifariki Unguja mwaka 1891. Wote wawili wamelala katika kisiwa ambacho Thornton alikuja kutafuta bwana mwingine.

Narung'ombe inaweza sasa kurudi mahali pake katika kisa. Wapagazi wa Julai 1917 waliopita hapo na vikasha vya risasi walikuwa ndiyo jibu la ahadi ya 1858. Meli haikufika, mto haukukubali, reli na magari havikutosha, kichwa cha mtu kikabaki kuwa chombo cha mwisho cha wakubwa waliokosea hesabu. Vita hivyo vilimaliza wapagazi wengi kuliko askari, kwa njaa na maradhi, na jina lao limebaki sokoni Dar es Salaam, Kariakoo, ambapo wanunuzi hupita kila siku bila kukumbuka maana yake. Pale Narung'ombe wakubwa wa pande zote mbili waliandika taarifa zao. Von Liebermann alirudi nyuma, Waingereza wakavishika visima, na kila upande ulikuwa na sababu ya kueleza kwa nini hasara ilikuwa kubwa kuliko ilivyotazamiwa. Wapagazi hawakuandika.

Thornton alikuwa na bahati ya kujua kuandika, na bado ilimchukua miaka mia kusikika. Susi na Chuma walisikika kidogo, kwa kuwa mzigo walioubeba ulikuwa mwili wa mtu mashuhuri. Waliobeba unga na risasi kupita visima vya Narung'ombe hawana shajara ya kuchapishwa mwaka wa mia, nao ulikwisha kupita, 2017. Methali ya mkubwa ni jalala haijawahi kuwa sifa ya wakubwa jinsi walivyo. Ni deni wanalodaiwa.